Shajara ya mradi: Kuirudishia sauti kompyuta ya Mwalimu, Tabora

Jumamosi, 7 Septemba 2024

Kompyuta imefika kwangu Ng'ambo saa nne asubuhi, juu ya bajaji, imefungwa shuka kama mgonjwa. Ni ya mezani, CPU yake nyeusi na nzito, prosesa ni Core 2 Duo, RAM gigabaiti 2, diski gigabaiti 160. Ilikaa stoo kwa mpwa wake Mwalimu, Isevya, masika na kiangazi kadhaa, katikati ya magunia ya karanga. Imekuja na spika mbili ndogo za kuchomeka kwenye umeme, kibodi ya kizamani yenye vitufe virefu, na skrini ambayo mwenye kompyuta hataihitaji.

Hataihitaji kwa sababu haoni. Mwalimu ndiye aliyenifundisha kusoma, kisha akanifundisha Kiswahili mpaka darasa la saba. Glakoma ilianza kumpunguzia macho akiwa bado kazini, ikamalizia alipostaafu. Enzi zake alikuwa akipiga mitihani ya shule nzima kwa taipureta, kwenye karatasi za stensili, vidole vyote kumi, macho yakiwa kwa wanafunzi na si kwenye vitufe. Vidole hivyo bado anavyo.

Aliniomba jambo moja tu: aandike barua zake mwenyewe, na azisikie alizoandikiwa bila kumwita mtu. Kwa sasa meseji zake zinasomwa kwa sauti na mjukuu wake wa darasa la tano, na yapo mambo ya mzee ambayo mtoto hapaswi kuyatamka. Simu ya kugusa tulimjaribishia mwaka jana. Alisema kioo kile ni kama kupapasa ukuta usio na mlango. Kibodi ni tofauti, ina vile vinundu viwili, kimoja juu ya F na kingine juu ya J, na vidole vikishatua hapo vinajua kwao ni wapi.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni kuifanya kompyuta iseme. Kwa mimi na wewe sauti ni ya muziki na video, ikikosekana tunaendelea. Kwake sauti ndiyo skrini.

Nimefungua ubavu na kupuliza vumbi nje, uani, kwa brashi ya rangi. Vumbi la Tabora la mwezi huu ni laini kama unga wa muhogo, linaingia hata kusikoingia hewa. Betri ndogo ya saa, CR2032, imepimwa volti 1.1 wakati mpya inatakiwa iwe 3. Nimebadilisha. Nimewasha. Imetoa mlio mmoja mfupi, "pip", kama inavyotakiwa.

Mlio huo usimdanganye mtu. Unatoka kwenye kispika kidogo cha mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, kinachotangaza tu kwamba ukaguzi wa mwanzo umepita salama. Haupiti kwenye kadi ya sauti. Lakini umenipa moyo.

Jumapili, 8 Septemba

Nimeamua kuweka Debian 12, mfumo endeshi wa Linux, na MATE iwe meza yake, yaani uso wa madirisha na menyu, kwa sababu mbili. Ni nyepesi kwa mashine ya RAM gigabaiti 2. Na pia Debian inaweza kusanikishwa na mtu asiyeona kabisa: ukiwasha na flashi, menyu inapofunguka inalia, unabonyeza herufi S kisha Enter, na kuanzia hapo kila swali linasomwa kwa sauti. Ukisanikisha kwa njia hiyo, mfumo unaobaki ndani ya diski nao unakuja na msomaji wa skrini tayari, Orca, bila kumtafuta mtu wa kuuwasha.

Flashi imeingia, mlio nimeusikia, nimebonyeza S, nimebonyeza Enter.

Kimya.

Maandishi yanapita kwenye skrini vizuri kabisa, mashine inauliza lugha, inauliza nchi, lakini spika hazisemi neno. Nimeendelea kwa macho mpaka mwisho, kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, pamoja na kukatika umeme mara moja kulikonifanya nianze upya kugawa diski.

Usiku nimeangalia kama mfumo unaiona kadi. `aplay -l` inaionyesha: kadi 0, HDA Intel, chipu ya Realtek ALC662. Ipo. Dereva, programu inayoiendesha kadi, imeshaishika. Hilo ni nusu ya safari, maana ALSA, sehemu ya kerneli, kiini cha Linux, inayoshughulikia sauti tangu toleo la 2.6 la mwaka 2003, haiorodheshi isichokiona. Nimefungua `alsamixer`, pale panapopandishwa na kushushwa sauti. Mstari wa Front ulikuwa na alama MM chini yake, yaani umefungwa. Nimebonyeza M, zikawa 00, nikapandisha hadi juu. Master juu, PCM juu. `speaker-test -c 2` inasema inapiga, kushoto, kulia, kushoto, kulia.

Kimya bado. Nimelala nikiifikiria.

Jumanne, 10 Septemba

Nilianza na mwisho usiofaa. Spika zenyewe sikuzipima. Leo nimechukua waya, nikachomeka spika kwenye simu yangu, nikapiga taarabu. Zimetoa mngurumo mzito na wimbo kwa mbali, kama mtu anaimba ndani ya kinu kinachotwangwa.

Nimefungua spika ya kulia, ambayo ndiyo yenye transfoma. Kapasita mbili kubwa zimevimba vichwani, moja imetokwa na ute wa kahawia ulioganda kwenye bodi. Zimeandikwa 2200 µF, volti 16. Kazi yake ni kulainisha umeme. Umeme wetu wa ukutani unapiga mara 50 kwa sekunde. Ukipita kwenye diodi nne unakuwa mawimbi 100 kwa sekunde, na kapasita ndiyo inayojaza mabonde kati ya wimbi na wimbi. Ikichoka, mabonde yanasikika. Mngurumo ule ndio hao 100.

Nimezipeleka kwa fundi redio karibu na Soko Kuu, mzee mwenye meza chini ya mwembe, ambaye redio za mkulima zimepita mikononi mwake kuliko anavyoweza kuhesabu. Nimemwamkia, nikamwonyesha. Hakuuliza lolote, alizigusa vichwa kwa kidole gumba, kama mama anavyopapasa embe sokoni. "Hizi zimekufa, mwanangu. Leta za volti 25, usirudie 16." Kwenye kopo lake zilikuwapo za 2200, volti 25, zimetolewa kwenye mashine nyingine lakini zikapimwa mbele yangu. Volti ikizidi hakuna ubaya mradi zinaingia kwenye nafasi. Kibaya ni kugeuza hasi na chanya, na yeye alinionyesha ule mstari mweupe wa hasi mara mbili kabla ya kuwasha pasi ya risasi.

Shilingi elfu tatu, kapasita na mkono wake. Taarabu sasa inatoka safi.

Nimerudi nyumbani nikakimbilia kompyuta. Kimya. Lakini sasa ni kimya kisafi, hata mngurumo haupo, na nimejua tatizo liko upande gani wa waya.

Alhamisi, 12 Septemba

Sina cha kuandika sana. Nimeongeza jina la mtumiaji kwenye kundi la `audio`. Nimewasha upya. Nimesoma majina ya matoleo ya chipu mpaka macho yameuma. Sijapiga hatua.

Mwalimu amepiga simu jioni kuuliza hali ya mgonjwa. Nikamwambia anapumua lakini hasemi. Akasema nisimharakishe.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimelipata.

Nilikuwa nimefungua tena `alsamixer`, safari hii nikasogea kulia hadi mwisho wa mistari, ambako sikuwa nimefika. Kuna kimoja kinaitwa Auto-Mute Mode, kimewekwa Enabled. Kazi yake: ukichomeka hedifoni kwenye tundu la mbele, spika za nyuma zinanyamazishwa zenyewe. Mistari mingine yote inaendelea kuonyesha 00, sauti imejaa hadi juu, kumbe chini kabisa kwenye chipu mlango umefungwa. Ndiyo maana sikuona kosa lolote kwenye skrini.

Lakini mimi sikuwa nimechomeka hedifoni.

Nimeandika `amixer contents` na kusoma mstari kwa mstari. Upo: Front Headphone Jack, thamani yake `on`. Mashine inaapa kwamba kuna kitu kimechomekwa mbele. Nimezima Auto-Mute, nikapiga `speaker-test -c 2 -t wav`, na sauti ya mwanamke ikasema kutoka spika ya kushoto, kisha ya kulia, wazi kabisa, ndani ya chumba changu. Mke wangu ametoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuuliza nani amekuja.

Ningeweza kuishia hapo. Nimeshindwa, kwa sababu kitu kinachosema uongo ukikiacha ndani ya mashine, siku moja kitasema uongo mwingine wakati Mwalimu yuko peke yake. Mfumo huu wa Intel HD Audio, ulioingia mwaka 2004 kuchukua nafasi ya AC'97, umejengwa ujue tundu lipi lina pini na lipi ni tupu. Ndani ya tundu la mbele kuna ulimi mdogo wa bati. Pini ikiingia inausukuma, na usukumwaji huo ndio habari inayofika kwenye chipu. Basi kuna kitu kimeusukuma ulimi.

Nimewasha tochi ya simu nikachungulia. Tundu la kijani la mbele halina tundu. Limejaa udongo mwekundu, umesawazishwa juu kwa ustadi, kama mtu ameziba shimo la ukuta na kupitisha kidole chenye maji. Nyigu. Yule mweusi mwembamba kiuno, anayejenga kwenye funguo za makufuli na kwenye mikunjo ya mapazia. Kule stoo Isevya aliona kishimo cha upana wa milimita tatu na nusu, kikamtosha.

Nimeutoa kwa kijiti cha meno, chembe kwa chembe, CPU imeinamishwa ili udongo udondoke nje usiingie ndani. Ukuta wa nje ulikuwa mgumu kama kigae. Nyuma yake palikuwa na vumbi laini na maganda matupu ya buibui wadogo, chakula alichowawekea wanawe. Wanawe walishatoka zamani, pembeni kulikuwa na kitobo chao. Ukuta wa ndani kabisa ulikuwa umegandamana na ule ulimi wa bati, umeusukuma pembeni kama pini ya hedifoni inavyousukuma. Nimelowanisha pamba kwa spiriti, nikazungusha, nikaacha ikauke juani dakika kumi.

`amixer contents` tena. Front Headphone Jack: `off`.

Nimerudisha Auto-Mute kuwa Enabled, spika zikaendelea kusema. Nimechomeka hedifoni, spika zikanyamaza. Nimechomoa, zikasema. Nimefanya hivyo mara nne tano, kwa furaha tu. Kisha `alsactl store`, ili mipangilio ibaki hata ikizimwa.

Jumapili, 15 Septemba

Nilidhani leo ni siku ya kumpigia Mwalimu simu. Nimewasha kompyuta mbele ya mjomba ili ashuhudie. Kabla ya kuingia mezani, kwenye ile skrini nyeusi ya maandishi, imesoma kila kitu kwa sauti. Nikaingia MATE, Orca ikawaka, kialama chake nikakiona, sauti hakuna. Ndani ya mipangilio ya sauti kadi imetoweka, kimebaki kitu kimoja kinachoitwa Dummy Output, yaani spika ya kubuni isiyounganishwa na chochote.

Lakini muda mfupi uliopita imesema! Kwa hiyo kadi ni nzima, ila kuna aliyeishika. Amri ya kumtafuta ni `fuser -v /dev/snd/*`, inataja ni programu gani imekalia mlango wa kadi. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja: `espeakup`.

Huyu ndiye msomaji wa skrini nyeusi. Anakuja pamoja na usanikishaji wa kusomewa. Anaanza mapema, anashika kadi moja kwa moja kupitia ALSA na haiachii. Halafu mezani anakuja PulseAudio, ambaye kazi yake ni kupokea sauti za programu zote na kuzigawia kadi, naye anataka kadi nzima iwe yake. Anakuta mwenzake amekaa, anaondoka mikono mitupu. Wasomaji wawili, mdomo mmoja.

Mwalimu hatatumia skrini nyeusi. Atawasha na kuingia mezani moja kwa moja. Nimemzuia asianze, `systemctl disable espeakup`, nikawasha upya, na Orca ikazungumza. Mjomba akapiga makofi.

Jumapili hiyo hiyo, usiku

Sauti ya Kiswahili. Orca yenyewe haina koo. Inapeleka maneno kwa speech-dispatcher, na huyo anapeleka kwa eSpeak NG, ambaye ndiye anayetamka. Mzazi wake, eSpeak, ilianzishwa na Jonathan Duddington, na Kiswahili kimo humo pamoja na lugha nyingine nyingi. Haitumii maneno ya mtu yaliyorekodiwa. Inajenga kila irabu kwa hesabu za mawimbi, kwa hiyo ni ndogo mno, inafaa mashine ya zamani, na haihitaji bando. Ubaya wake ni kwamba inasikika kama mtu anayeongelea ndani ya bomba.

Nimeandika `espeak-ng -v sw "Habari za jioni Mwalimu"`. Imetamka vizuri kuliko nilivyotarajia. Kiswahili kinaibeba: tunatamka tunachoandika, na mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mahali, basi kanuni chache zinatosha. Tabu ipo kwenye menyu, ambazo ni za Kiingereza. Inazisoma kwa Kiswahili. File inakuwa "fi-le". Save inakuwa "sa-ve". Nilitaka kuweka sauti mbili, moja ya kila lugha, nikaona nimwulize mwenyewe kwanza.

Jumatano, 18 Septemba

Siku hii naiandika kwa urefu.

Mwalimu alinitumia maneno ya barua ya majaribio, yalikuja kupitia simu ya mke wake, sote tunamwita Mama. Ni barua ya kweli, ya ukoo, kuhusu shamba lao lililo nje ya mji ambalo baadhi ya ndugu wanataka liuzwe. Nikaichapa kwenye Pluma, ile programu ya kuandikia, na jioni nikampigia simu. Nikaweka simu karibu na spika ili asikie kompyuta yake kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo Mwalimu. Sikiliza."

"Marahaba. Nasikiliza."

Nikashuka mstari mmoja baada ya mwingine kwa kitufe cha mshale, nikimwacha apumue katikati. Mstari wa kwanza, salamu, sawa. Wa pili, sawa. Nikanyamaza kidogo kumpa nafasi, nikashuka wa tatu.

Upande wa pili wa simu kukawa kimya. Kisha: "Nani kaandika *tukubali*? Mimi nimesema *hatukubali*."

Nikaangalia skrini. Imeandikwa: *Hatukubali shamba liuzwe.* Nikarudia mstari haraka, ikasoma "hatukubali". Nikasubiri sekunde kama kumi, nikarudia. "Tukubali shamba liuzwe."

Inameza silabi ya kwanza. Kila ikikaa kimya kidogo, ikianza tena, kichwa cha neno la kwanza hakitoki. Nami nilikuwa nimeisikiliza siku tatu nikidhani ni sauti yake tu ilivyo, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanajaza palipopungua. Mwalimu hana macho ya kujazia.

Na lugha yetu inabeba mzigo kichwani. Nani anatenda, lini anatenda, anatenda au hatendi, vyote vimo kwenye silabi za mwanzo. Mtu akikumezea mwisho wa neno la Kiswahili mara nyingi bado utamwelewa. Akikumezea mwanzo, *hatusamehe* inakuwa *tusamehe*, *haturudi* inakuwa *turudi*, na shamba la ukoo linauzwa. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetuandikia viambishi hivi ubaoni kwa chaki ya rangi, "ha" ya ukanushi kwa nyekundu. Leo amenifundisha tena, kwa simu.

Sababu nimeipata usiku huu, ni mbili na zinasaidiana.

Ya kwanza ni kubana matumizi ya umeme. Dereva ya kadi, `snd_hda_intel`, inaizimisha chipu ikikaa bila kazi, na kuiamsha kunachukua sehemu ndogo ya sekunde. Sauti inaanza kutiririka wakati mlango ndio kwanza unafunguka. Mtu anayesikiliza wimbo wa dakika nne hatajua kitu, mwanzo wa wimbo mara nyingi ni ukimya. Msomaji wa skrini anaanza na kusimama mara mia kwa saa. Nimesoma `/sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save`, ikaonyesha namba isiyo sifuri. Nimeandika faili ndani ya `/etc/modprobe.d/` lenye mstari mmoja: `options snd_hda_intel power_save=0`.

Nikawasha upya. Imepungua, haijaisha. "Ha" inasikika kama "a".

Ya pili iko kwa PulseAudio. Ina kijisehemu kinachoitwa module-suspend-on-idle, kinachoifunga kadi baada ya sekunde 5 za ukimya. Nimeenda `/etc/pulse/default.pa`, nikaweka alama ya # mbele ya mstari wake ili usisomwe.

Kisha nikajaribu kwa saa nzima. Nasubiri sekunde 10, nasomesha mstari. Nasubiri dakika 1. Nasubiri dakika 5, nikiangalia saa ya ukutani. "Hatukubali." "Hatukubali." "Hatukubali." H ya mwanzo imekaa mahali pake kila mara, nyepesi, kama mtu anayetoa pumzi kabla ya kukataa.

Saa tano usiku ilikuwa imepita, sikumpigia. Nimemtumia Mama meseji amwambie asubuhi: *ha* imerudi.

Ijumaa, 20 Septemba

Kazi ndogo ndogo. Nimeweka kuingia moja kwa moja bila nywila, nyumba ni yake na mlango una kufuli. Nimejaribu kukata umeme kwa makusudi katikati ya kuandika, nikawasha, ikarudi ikisema. Spika nimezibandika tepu kwenye swichi yake ya nyuma isizimwe kwa kupapaswa. Matundu yote ya mbele na ya nyuma yasiyotumika nimeyaziba kwa vipande vya mpira wa kandambili, nimevichonga kwa wembe. Nyigu wa Cheyo, anakoishi Mwalimu, na wa Isevya ni ndugu. Tundu la hedifoni nimeliacha wazi, nikamweleza Mama kwamba kipo kizibo chake na ni cha kurudisha kila jioni.

Jumamosi, 21 Septemba

Tumeifikisha kwa Mwalimu, Cheyo, asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Meza ilikuwa imeshafutwa, iko dirishani, kwa mazoea, pale palipokuwa na taipureta. Skrini nimeiunganisha na kuiweka pembeni, kwa ajili yangu siku nikija kurekebisha kitu.

Nilimshika mkono nikampeleka kwenye kitufe cha kuwasha. Akabonyeza. "Pip." Akauliza ndiyo hiyo tu? Nikamwambia asubiri. Ilichukua kama dakika moja na nusu, wote tumesimama, mjukuu amening'inia kwenye mlango. Halafu Orca ikaanza kusema, na Mwalimu akainamisha kichwa upande, sikio la kulia mbele, kama alivyokuwa akimsikiliza mtoto anayesoma kwa kusitasita.

Akatafuta F na J. Akazipata. Akaandika sentensi yake ya kwanza bila kusimama, kasi yake ile ile, na vitufe vile virefu vikawa vinagonga kama taipureta, na kila herufi ikitajwa alikuwa ameshafika ya tatu mbele yake. Akaniomba sauti iongezwe kasi. Nikaongeza. Akasema zaidi. Nikaongeza mpaka mimi mwenyewe sielewi inachosema, yeye akasema hapo.

Nikamwuliza kuhusu menyu, kama niweke sauti ya Kiingereza kwa ajili yake. Akasikiliza "fi-le" mara tatu, akarudia mdomoni, "fi-le, fi-le". Akasema iache hivyo, ametunga majina mengi ya vitu maishani kwake, hilo nalo atalizoea. Anataka herufi zisikike zilivyo.

Kisha tukampelekea zile meseji za ndugu, ambazo Mama alikuwa ameninakilishia kutoka kwenye simu. Zote kumi na moja, kwenye faili moja. Sentensi ya kwanza ilipoanza kusomwa kwa spika, ikataja jina la shangazi na kiasi cha fedha, Mwalimu akainua mkono. Nikasimamisha kwa kitufe cha Ctrl.

"Ulisema kuna tundu la kusikilizia peke yangu."

Nikampa hedifoni. Akalitafuta tundu la mbele kwa kidole, akalipata, akatoa kizibo cha mpira akakiweka mfukoni mwa shati, akachomeka. Spika zikanyamaza. Akatuambia tukanywe chai nje, michembe ipo, na mlango tuurudishie.